Herufi za jina lako hazijui tabia yako

JE, umewahi kuambiwa kwamba mtu ambaye jina lake linaanza na A ni kiongozi, na wa M ana huruma lakini ni mwepesi wa hasira? Maneno haya husikika ndani ya basi, sokoni na hata kwenye foleni ya uhamiaji. Wapo wanaocheka tu. Wapo pia wanaoyatumia kuchagua mchumba, au mtu wa kumkopesha mali.

Kupima watu kwa herufi ni jambo la zamani. Katika hesabu ya abjadi, inayotumiwa na wanajimu wa pwani ya Afrika Mashariki, kila moja ya herufi 28 za Kiarabu ina namba yake, kuanzia 1 hadi 1000. Jina Muhammad, kwa mfano, lina jumla ya 92. Mnajimu hujumlisha jina la mteja na la mama yake, kisha huondoa 12 mara kwa mara mpaka apate nyota ya mtu huyo.

Wazungu nao wana hesabu yao. A, J na S ni 1; B, K na T ni 2; na kuendelea hivyo hadi I na R ambazo ni 9. Jumla inajumlishwa tena mpaka ibaki tarakimu moja, ambayo eti ndiyo tabia yako.

Hebu tuijaribu. Chukua kijana aliyezaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tanzania, akabatizwa Yohana. Herufi zake zinafika 28, yaani 10, yaani 1: mtu wa kuongoza, asiyependa kuamriwa. Anarudi Burundi, shuleni wanamwandika Jean. Sasa ni 12, yaani 3: msemaji, mpenda furaha. Anaanza biashara, anafuata bidhaa Kampala, na wenzake huko wanamwita John. Sasa ni 20, yaani 2: mpole, mpatanishi. Mtu ni yule yule, tabia tatu, na hajabadilisha hata shati!

Ni kweli kwamba kwetu jina huwa na maana. Kwa Kirundi, Nyandwi ni mtoto wa saba na Minani ni wa nane. Bukuru na Butoyi ni mapacha. Majina hayo yanatueleza habari za nyumba alimozaliwa mtoto. Lakini unawafahamu akina Minani wangapi, na je, wote wana tabia moja?

Kwa nini basi watu wengi husema, "Huyo aliniambia ukweli mtupu"? Mwaka 1948, mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao. Waliyapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5. Kumbe wote walikuwa wamepewa karatasi yenye maneno yale yale! Maneno kama "una uwezo ambao hujautumia" humfaa kila mtu.

Hasara inaanza pale mtu anaposhauriwa kuongeza au kubadilisha herufi ili nyota yake ing'ae. Kwa mtu wa mpakani, herufi moja ni kitu kikubwa. Jina la pasi likitofautiana na la kitambulisho au la cheti cha kuzaliwa, safari inaweza kuishia pale pale dirishani, mzigo ukiwa umeshalipiwa. Aliyerudi nyumbani anaweza kupata taabu hiyo hiyo anapodai shamba la marehemu baba yake, ikiwa karatasi moja inasema Jean na nyingine Yohana.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, zihesabu herufi zako kwa sababu hiyo. Panga karatasi zako mezani, uzilinganishe moja baada ya nyingine, na ukiona tofauti nenda ukasahihishe kabla ya siku ya safari. Na anayetaka kukopa mali yako, waulize waliomkopesha kabla yako kama aliwalipa.

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Anayeling'arisha ni mwenye jina, kwa matendo yake.