Rumba Siyo Hiyo ya Majaji

Kila mashindano ya dansi ya ukumbini yanapoonyeshwa kwenye televisheni, mtangazaji haachi kutukumbusha kwamba rumba ni dansi ya mapenzi kutoka Kuba. Tunaonyeshwa wawili waliovaa nguo za kumeremeta, magoti yamenyooka, nyonga zinazunguka polepole mbele ya majaji. Wacheze watakavyo, ila wasiwasingizie Wakuba.

Rumba yenyewe ilizaliwa karne ya 19 katika nyua za maskini wa Havana na Matanzas, kwa watu wenye asili ya Afrika, wengi wao makuli wa bandarini. Walipokosa ngoma walipiga makasha matupu ya samaki wa chumvi. Vijiti viwili vya mti mgumu, klave, ndivyo vinavyoshika mapigo. Mwimbaji hutangulia kwa sauti isiyo na maneno, wenzake wakaitikia, ndipo wachezaji wanapoingia katikati.

Utamu uko kwenye guaguanko, mtindo mmojawapo wa rumba. Mwanamume humzunguka mwanamke bila kumgusa, anamvizia. Mara anarusha kitambaa, mguu au kiuno kuelekea kwake. Mwanamke keshajifunika kwa pindo la sketi na kugeuka upande. Akizubaa, ameshikwa, na ua mzima unaangua kicheko. Ngoma ndogo, kinto, inajibizana na miguu yao. Wanaouita mchezo huu uchafu hawajamtazama mwanamke: mwanamume anahangaika, yeye anatamba. Yambu, mtindo mwingine, ni ya taratibu na haina mtego huo. Mtindo wa kolumbia kwa desturi ni wa wanaume.

Rumba ya ukumbini ina ukoo mwingine. Ni son na bolero, miziki mingine ya Kuba, ambazo wauza santuri wa Marekani waliziita rumba miaka ya 1930. Monsieur Pierre, mwalimu wa dansi wa London, alikwenda Kuba mwaka 1947, akarudi na hatua za huko. Walimu wenzake wakazozana naye hadi mtindo wake ulipokubaliwa rasmi mwaka 1955. Tangu hapo ni hesabu na vitabu vya kanuni. Wakongo nao, kwa rumba yao, walichota kwenye santuri hizohizo za son, lakini angalau hawakumpimia mtu goti.

UNESCO iliiingiza rumba ya Kuba katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2016, na ya Kongo mwaka 2021. Mwenye kutaka kuijua ya Kuba na awasikilize Los Muñequitos de Matanzas, kundi lililoanzishwa mwaka 1952.