Bei ya Gereji, na Jinsi ya Kumjua Fundi wa Kuaminiwa

Watu wengi wenye motokaa huogopa gereji kuliko wanavyomwogopa askari wa barabarani. Askari hutaja kosa, na faini yake imeandikwa. Fundi hutaja jina la chuma ambacho mwenye gari hajapata kukiona maishani mwake, kisha hutaja bei, na mwenye gari hana la kujibu ila kusema, "Punguza kidogo, fundi." Katika makala haya nataka kueleza bei hiyo hutoka wapi, na kwa nini huyo anayeomba kupunguziwa mara nyingi ndiye hulipa zaidi.

Ndani ya bei ya matengenezo yoyote mna mambo manne. Kuna kazi ya kutafuta ubovu, kuna spea, kuna kazi ya mikono, na kuna gharama za gereji yenyewe, yaani kodi ya kiwanja, umeme, vyombo, na chakula cha vijana wanaojifunza kazi. Katika gereji kubwa za mawakala wa makampuni ya magari, kazi ya mikono huhesabiwa kwa saa. Kiwanda hutoa kitabu kinachoonyesha kwamba kazi fulani katika gari la namna fulani inastahili saa kadha, na gereji huzidisha saa hizo kwa bei yake ya saa moja. Huku kwetu, katika zile gereji ndogo ambazo watu huziita gereji bubu, hakuna kitabu. Bei hupatikana kwa mazungumzo, na katika mazungumzo hayo fundi hutazama gari, hutazama na viatu vya mwenye gari.

Sasa, katika mambo hayo manne, la kwanza ndilo gumu kuliko yote, nalo ndilo ambalo hatupendi kulilipia hata senti. Mtu akienda zahanati ya kulipia hutoa fedha ya kipimo cha malaria, na akiambiwa hana malaria hurudi nyumbani akishukuru. Lakini mtu huyo huyo akienda gereji, fundi akahangaika saa mbili kisha akamwambia kuwa ni waya mmoja tu uliolegea, atauliza, "Kukaza waya ndiyo nikulipe?" Fundi amekwisha kutujua. Anajua kwamba kwa macho yake na masikio yake hatapata kitu. Basi hujilipa kwenye chuma. Spea ambayo dukani ni Sh. 60,000 humfikia mwenye gari kwa Sh. 80,000, na hiyo tofauti ndiyo iitwayo cha juu.

Mimi sioni kwamba cha juu peke yake ni wizi. Fundi amekwenda dukani kwa nauli yake, ameichagua spea, na ikiwa mbovu ni yeye atakayerudi kugombana na mwenye duka. Ubaya wake uko mahali pengine. Kwa utaratibu huo, fundi anayegundua kwamba gari halihitaji spea yoyote hulala na njaa, na yule anayebadilisha kitu kikubwa bila kupima hula vizuri. Tabia ya fundi ina sehemu yake katika jambo hili, lakini utaratibu huo tumeuweka sisi wateja.

Nitatoa mfano wa nyumbani kwetu. Baba ana Hiace ya dizeli inayobeba abiria mjini Morogoro, na ndiyo inayotulisha sisi watu saba. Mwaka jana ilianza kukataa kuwaka alfajiri. Katika gereji ya kwanza hakuna kilichopimwa. Fundi alipiga starta mara mbili, akasikiliza, akasema, "Mzee, betri imekufa." Baba akanunua betri mpya kwa Sh. 220,000. Gari likawaka vizuri kwa wiki tano, kisha ubovu ukarudi ule ule. Safari hii aliambiwa kwamba betri ile ilikuwa feki, akanunua nyingine kwa Sh. 260,000. Baada ya mwezi mambo yakawa vile vile, na sasa fundi akaanza kuitaja starta. Kila mara gari lililala gereji, na siku ambayo Hiace imelala hakuna hesabu inayoletwa nyumbani. Hasara hiyo nayo ni sehemu ya bei ya matengenezo, ingawa haiandikwi kwenye risiti. Mama alikuwa amekwisha kuanza kuuza mahindi ya akiba.

Ndipo dereva mmoja alipompeleka baba kwa mzee mmoja, fundi wa umeme wa magari. Mzee huyo, kabla ya kufungua chochote, alitaja bei ya kupima, Sh. 15,000, ubovu uonekane usionekane. Baba alikunja uso, lakini alikubali. Mzee akachukua mita ya kupimia umeme. Betri nzima iliyojaa, gari likiwa limezimwa, huonyesha kiasi cha volti 12.6. Injini ikiwaka, alteneta huanza kuichaji betri, na mita hupanda mpaka kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Katika gari la baba, injini ikiwa inaunguruma, mita ilisimama kwenye 12.2, ikapanda kidogo, ikashuka tena. Maana yake alteneta ilikuwa ikichaji kwa kusitasita. Ilipofunguliwa, kaboni zake zilikutwa zimelika. Kaboni ni vijiti viwili vidogo vinavyopeleka umeme kwenye ile sehemu ya alteneta inayozunguka, navyo hulika polepole kama ncha ya penseli. Kaboni mpya zilikuwa Sh. 10,000 na ufundi Sh. 25,000. Ukijumlisha na kupima, jumla ni Sh. 50,000, baada ya Sh. 480,000 kwenda kwenye betri. Na betri zote mbili zilikuwa nzima, zilikuwa na njaa tu.

Simwiti yule fundi wa kwanza mwizi. Pengine hakuwa na mita. Lakini kupima kule kulichukua dakika kumi, na hakuna aliyemwomba apime wala aliyemwahidi kumlipa kwa kupima. Likizo ya Juni nilikaa kwa mzee huyo, nikishika taa na kuosha vyuma, na mengi ninayoyaandika hapa niliyaona huko.

Niliona, kwa mfano, kwamba hata mashine za kisasa hazimwondolei fundi kazi ya kufikiri. Wako mafundi wenye chombo kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, kikasoma makosa yaliyowekwa na kompyuta ya gari. Chombo ni kizuri, ila hutaja dalili, hakitaji spea. Chukua alama iitwayo P0171. Maana yake ni kwamba injini inapata hewa nyingi kuliko inavyostahili mafuta yake. Huenda mpira wa hewa umepasuka, huenda pampu ya mafuta imechoka, huenda kile kifaa kinachopima hewa kimeingia vumbi na chahitaji kusafishwa tu. Fundi asomaye alama hiyo na papo hapo kutaja kitu cha kununua amepiga ramli kwa kutumia umeme.

Yafaa pia kusema kwamba iko bei inayofanana na wizi nayo si wizi. Beringi ya klachi hushikika kwa mkono mmoja, na bei yake si kubwa, lakini ili kuifikia sharti giaboksi ishushwe. Mteja huona beringi ya bei ndogo na ufundi wa bei kubwa, akapiga kelele. Tena fundi mwema atashauri kwamba, maadamu giaboksi iko chini, pleti ya klachi nayo ibadilishwe kama imekwisha, na sili ya nyuma ya krenki ikiwa inavuja. Anayekataa ili kuokoa fedha huenda akalipia kushusha giaboksi mara ya pili baada ya miezi mitatu. Njia ya kujua kama unashauriwa au unaliwa ni rahisi: mwambie fundi akuonyeshe pleti hiyo na unene wake kando ya mpya.

Kuhusu spea zenyewe, bei isiyotajwa pamoja na daraja lake bado si bei. Iko spea ya kiwanda cha gari katika kasha lake, iko iliyotengenezwa na kiwanda kingine kwa vipimo vile vile, na iko ya mtumba iliyotolewa katika gari lililovunjwa. Zote zina mahali pake. Injini ya mtumba yaweza kufanya kazi miaka mingi, bali breki pedi za mtumba mimi nisingezifunga hata kwenye gari la adui. Feki ni jambo jingine. Hiyo ni spea ya kiwanda kisichojulikana iliyovikwa kasha la jina kubwa. Kuiuza ni kosa, na Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ina kazi ya kuzikamata bidhaa za namna hiyo. Unapokwenda dukani nenda na namba ya chasisi na ile spea ya zamani mkononi, na ukiweza nenda pamoja na fundi, mkiwa mmekwisha kupatana malipo yake ya kwenda. Hapo cha juu hakina tena sababu ya kujificha.

Wengine huniuliza kama fundi bora ni yule mwenye cheti. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha ufundi wa magari, na pia huwapima mafundi waliojifunzia kazi gerejini na kuwapa vyeti. Ni jambo jema sana, lakini cheti hutuambia kwamba mtu anajua kazi, hakituambii atafanya nini mwenye gari akiwa hayupo. Afadhali uwaulize madereva wa daladala na teksi wenye gari kama lako, maana hao hawana subira na fundi anayelaza gari. Kisha mpe fundi kazi ndogo kwanza, kama kubadilisha oili na filta, ukamtazame. Je, anakuuliza ubovu ulianza lini, na husikika gari likiwa baridi au moto? Analiendesha kabla ya kulifungua? Akikuta jambo jingine ndani, anakupigia simu kabla ya kununua, au unakuta deni limekwisha kukua? Mzee wangu wa Morogoro nilimsikia mara tatu akisema, "Hii siiwezi, mpelekee fulani." Baba humwamini kwa neno hilo kuliko kwa zile kaboni.

Na spea za zamani uzidai siku zote, hata kama utazitupa. Breki pedi nyingi zina kibati kidogo cha chuma kinachokwaruza diski na kupiga kelele kali pedi zikikaribia kwisha. Ukirudishiwa pedi ambazo bado ni nene na kibati hakijagusa, umejua jambo ambalo risiti isingekuambia.

Mwisho, mambo haya yaandikwe kwenye karatasi kabla ya spana kushikwa: bei ya kupima, bei ya ufundi, spea na daraja lake, na muda ambao fundi atalirudia gari bure ubovu ule ule ukijitokeza. Karatasi ya daftari inatosha. Akikataa kuandika, ondoa gari mapema, wakati bado linaondoka kwa miguu yake yenyewe, kwa kuwa injini ikikwisha kuwekwa chini kwenye turubai hakuna tena mapatano ya bei.