Jicho la Tumbusi

Tumbusi wa kwetu hafuati harufu. Wengi tunaamini kuwa uvundo ndio unaomleta, lakini David Houston, aliyewachunguza ndege hawa Serengeti, alionyesha kwamba mzoga uliofichwa usionekane kutoka angani hupitwa tu, hata ukinuka namna gani. Yule wa Amerika mwenye kichwa chekundu ndiye mwenye pua kali. Huyu wa Afrika hutegemea macho.

Na macho yenyewe hayatazami chini peke yake. Jua likishapasha ardhi, hewa ya moto hupanda, na tumbusi hupanda nayo bila kupiga mbawa. Huko juu kila mmoja anakagua kipande chake cha mbuga huku akiwachungulia wenzake. Mmoja akishuka ghafla, wa jirani humfuata, na wa tatu humfuata wa pili. Ni kama msiba wa kijijini: hakuna aliyeletewa barua, ila ukiona majirani wanaelekea upande mmoja, nawe unajifunga khanga na kutoka. Utafiti wa Laikipia, Kenya, umeonyesha kuwa huwatazama hata tai, ambao mara nyingi hutangulia kufika.

Wakishatua, hawana mchezo. Houston alikadiria kwamba tumbusi wa Serengeti hula nyama nyingi kuliko simba, fisi na wanyama wengine wote wala nyama wakijumlishwa. Tunamsifu simba, kumbe mezani mkubwa ni mwingine. Asidi ya tumbo lake ni kali mno, na vijidudu vingi ambavyo vingetulaza hospitalini huishia humo.

Asipokuwapo je? Darcy Ogada na wenzake walijaribu Kenya: mizoga isiyofikiwa na tumbusi ilichukua karibu mara tatu ya muda wa kawaida kuoza. Fisi na bweha waliofika waliongezeka, na walikaa pamoja kwa muda mrefu zaidi. Hapo ndipo habari inapomgusa mfugaji, maana wanyama wanaogombania mzoga huambukizana, na mbwa wa boma naye hupenda kwenda kuonja.

Bara Hindi liliyaona haya kwa macho. Kuanzia miaka ya 1990 tumbusi walikufa hadi aina tatu zikapungua kwa zaidi ya asilimia 95. Mwaka 2004 Lindsay Oaks na wenzake, waliofanya uchunguzi Pakistani, walimtaja muuaji: diklofenaki, dawa ile ile ya maumivu tunayomeza mgongo ukikaza. Ng'ombe walikuwa wakitibiwa nayo, na tumbusi aliyekula mzoga wenye dawa hiyo aliharibika figo. India iliizuia kwa mifugo mwaka 2006, lakini mbwa wa mitaani, na kichaa chao, walikuwa wamekwisha kupata nafasi. Wachumi wawili walikadiria mwaka 2024 kwamba kutoweka kwa ndege hao kulichangia vifo vya watu wapatao 500,000 katika miaka mitano.

Afrika muuaji mkubwa ni sumu, na hapa lile jicho linamponza mwenyewe. Mfugaji aliyeliwa ng'ombe na simba hunyunyizia mabaki dawa ya wadudu. Jangili naye, kwa sababu nyingine kabisa, humtilia sumu tembo aliyemuua: tumbusi wakizunguka angani, askari wa wanyamapori hujua pa kwenda. Na kwa kuwa mmoja akishuka huwaita wote, mzoga mmoja unatosha kuua mamia. Botswana mwaka 2019 walikutwa tumbusi 537 wamekufa kando ya mizoga ya tembo watatu.

Jicho hilo lina kasoro yake pia. Graham Martin na wenzake walipima mwaka 2012 na kugundua kwamba juu ya kichwa cha tumbusi kuna eneo kubwa asiloliona, pengine kwa sababu nyusi zake nene humkinga na jua. Akiinamisha kichwa kutafuta mzoga, haoni kilicho mbele yake, iwe waya wa umeme au panga la mtambo wa upepo. Kwenye mitambo ya upepo ya Kipeto, katika kaunti ya Kajiado, Kenya, wameajiri watu wa kukagua anga. Ndege akikaribia, mtambo huzimwa mpaka apite.