Kompyuta Yako Inahitaji Kumbukumbu Kiasi Gani?

Sehemu ya Pili

Juma lililopita tulieleza kwa nini kompyuta hupunguza mwendo, tukataja washukiwa wawili: diski na kumbukumbu, ambayo mafundi huiita RAM. Leo tunaishughulikia RAM, kwa sababu watu wengi huinunua kwa kukisia.

Majuzi nilikuwa Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyatike, kaunti ya Migori. Dada mmoja mwenye saiba alinionyesha kompyuta yake ya mezani yenye RAM ya gigabaiti 4. Asubuhi ilikwenda vizuri. Ilipofika saa tano, wateja wa eCitizen na wa kuchapisha fomu za shule wakiwa foleni, ilianza kukwama. Kila alipohama ukurasa mmoja kwenda mwingine, taa ya diski iliwaka bila kupumzika huku mteja akingoja. Fundi mmoja alikuwa amemwambia aongeze hadi gigabaiti 16, mwingine akasema 8 zinatosha. "Mwalimu, nimwamini nani?" aliniuliza. Nikamwambia asimwamini yeyote kabla ya kupima.

Tazama wavu wa kuanikia omena kule ufuoni. Hata ghala likiwa kubwa namna gani, kinachokauka kwa wakati mmoja ni kile kilichoenea juu ya wavu. Diski ndiyo ghala, RAM ndiyo wavu. RAM ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, kisha huirudisha inapotakiwa. Diski, hasa ile ya kuzunguka, ni nzito mno ikilinganishwa na RAM. Ile taa isiyozima ilikuwa dalili ya safari hizo za kwenda ghalani na kurudi.

Tukangoja saa ya foleni. Tukabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tukafungua Performance, kisha Memory. Namba ya kwanza, In use, ilisoma 3.5. Namba hii hupotosha wengi, maana haiwezi kupita RAM iliyomo hata kazi iwe nyingi kiasi gani. Ya kuaminika zaidi ni Committed, nayo ilisoma 6.1. Hiyo ndiyo jumla ya nafasi ambayo programu zote zimeahidiwa, pamoja na yale yaliyosukumwa kwenye diski.

Kanuni yangu ni hii: chukua namba ya Committed wakati kazi imepamba moto, ongeza robo yake, kisha panda hadi kipimo kinachouzwa. Kwa dada huyu, 6.1 na robo yake ni karibu 7.6. Gigabaiti 8 zinamtosha. 16 zingelala bila kazi. Anayehariri video au picha kubwa ataona namba nyingine kabisa, na huenda 16 zikawa haki yake. Lakini Committed ikiwa chini sana ya RAM uliyonayo, RAM haina hatia. Fedha hizo nunulia diski ya SSD.

Kabla ya kulipa, kagua mambo manne. Kwanza, Windows ya kawaida ya biti 32 haivuki gigabaiti 4, hata uongeze vipi. Pili, jua aina. Kipande cha DDR3 cha kompyuta ya mezani kina meno 240, cha DDR4 kina 288, na pengo la katikati halikai mahali pamoja. Kimoja hakiingii kwenye nafasi ya kingine. Meno hayo hupakwa dhahabu nyembamba ili yasishike kutu, kwa hiyo usiyaguse kwa vidole. Tatu, hesabu nafasi za kuchomekea. Kama una kipande cha 4, tafuta kingine cha 4 cha aina na kasi ileile: kwenye kompyuta nyingi, viwili vinavyolingana hufanya kazi sambamba na kushinda kimoja cha 8.

Nne, angalia umri wa kompyuta. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai angalau gigabaiti 4, lakini inadai pia prosesa ya karibuni na kifaa cha usalama cha TPM 2.0. Mashine isiyo na hivyo haitakubaliwa kwa kuongezewa RAM, basi usiizamishie fedha nyingi.

Pale Osiri, mchimbaji hakubali bei ya dhahabu yake kabla haijakaa kwenye mizani. Nawasihi wenye saiba, walimu na makarani: RAM nayo ipimeni vivyo hivyo, saa ya foleni, kwa macho yenu wenyewe, ndipo mtoe fedha.