Mafuta yanayojua kuchagua

Ukipanda basi la Tunduma, kuanzia Mikumi na kuendelea utapishana na malori yanayotia shaka. Tela ndefu, matairi mengi, lakini mzigo ni mafungu machache tu ya mabamba ya shaba yaliyolala sakafuni kwa kupeana nafasi, kana kwamba tajiri aliishiwa hela ya kujaza gari. Gari limejaa. Shaba ina uzito karibu mara 9 ya maji. Tani 30 zake ukiziyeyusha hazijazi hata tenki la lita 5,000.

Mabamba hayo mengi hutoka Kolwezi, Likasi na Fungurume, katika ardhi ya Katanga, Kongo, ambayo Rais Mobutu aliibadilisha jina mwaka 1971 ikaitwa Shaba, kwa Kiswahili hikihiki, hadi 1997. Usafi wake ni asilimia 99.99. Na sehemu kubwa ya shaba hiyo, kabla ya kuwa bamba, ilikuwa jiwe la kijani, ikawa maji ya buluu, kisha ikapanda ndani ya mafuta. Hapo kwenye mafuta ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Chukua chupa ya soda, tia maji nusu na mafuta ya taa kiasi, mbali na jiko tafadhali. Tikisa. Yatageuka meupe kama tui. Weka chupa mezani usubiri: taratibu mafuta yanapanda, maji yanashuka, na katikati unachoreka mstari. Kiwanda cha shaba kule Kolwezi kinafanya kazi hiyohiyo usiku na mchana, ila badala ya chupa kina matangi ya kukorogea na mabwawa ya kutulizia yaliyo mapana kuliko uwanja wa mpira wa wavu.

Maji yanayoingia humo ni tindikali ya salfuriki iliyopitishwa kwenye mawe yaliyosagwa. Imeyeyusha shaba, lakini haikuchagua: imebeba pia chuma, manganizi, magnesi na kobalti. Kila lita ina gramu chache tu za shaba. Ukipitisha umeme hapo moja kwa moja utapata shaba chafu, na bili ya umeme ya kukuliza.

Mafuta nayo si ya taa matupu. Yametiwa kemikali ya jamii ya oksimu. Molekuli mbili za oksimu hushikana mikono zikafanya pete, na tundu la pete hiyo linaienea chembe ya shaba sawasawa. Chuma kikija hakikai vizuri, kinabaki majini. Kila chembe ya shaba inapoingia kwenye pete, chembe mbili za haidrojeni hutoka na kurudi majini, maana yake maji yanapata tindikali mpya na yanaweza kwenda kuosha mawe mengine.

Lakini kukamata peke yake kusingefaa kitu. Raha ya oksimu ni kwamba ina bei yake, na bei hiyo ni tindikali. Tindikali ikiwa hafifu, inaing'ang'ania shaba. Ukiipeleka kwenye tindikali kali, haidrojeni inajaa, inaisukuma shaba nje na kukaa mahali pake. Mafuta yanavuliwa mzigo, yanarudi kazini palepale, na shaba inabaki kwenye maji machache yaliyo safi, gramu 50 hivi kwa lita. Sasa umeme unaweza kuingia, shaba igande kuwa bamba. Wachenjuaji wa Geita na Chunya hawatashangaa: wanaijua kaboni inayonyonya dhahabu kwenye sayanaidi, kisha inapelekwa elusheni kuitapika. Huku kaboni imegeuka kuwa mafuta, basi.

Cha kuchekesha, kemikali hizo zilibuniwa na General Mills ya Minneapolis, kampuni ya unga wa ngano. Kiwanda cha kwanza cha kibiashara cha shaba kuzitumia kilianza 1968 katika mgodi wa Bluebird, Arizona. Miaka sita baadaye zilifika Afrika kwa kishindo: Chingola, Zambia, palijengwa mtambo mkubwa wa kuchenjua marudio ya mgodi wa Nchanga, mchanga uliokwisha kutupwa.

Tusipambe sana. Mafuta ni mafuta: Olympic Dam, kule Australia, mitambo ya namna hii ilishika moto 1999 na tena 2001. Na pale kwenye mstari kati ya maji na mafuta hujikusanya utando wa tope usiotaka kwenda juu wala chini, ambao mafundi hawaishi kuufyonza.

Turudi barabarani, maana kuna lori la pili. Hili limebeba viroba vikubwa, na ndani yake kuna unga mbichi wenye unyevu: haidroksaidi ya kobalti. Ukikauka, karibu theluthi tu ya uzito wake ndiyo kobalti. Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote ya dunia, na nyingi husafiri hivyo, nusu njia ya usafi, kwenda China. Kwa miaka mingi mwenye viroba amekuwa akilipwa sehemu tu ya bei ya kobalti iliyo ndani. Jiografia ya shaba na ya kobalti ni moja, malori ni yaleyale. Kinachotofautiana ni mahali ambapo kemikali ya mwisho inachagua.

Na uchaguzi huo ni mgumu zaidi. Kobalti inabidi itenganishwe na nikeli, na hizo ni majirani kwenye jedwali la elementi, namba 27 na 28, na zinafanana tabia kiasi kwamba oksimu ya shaba haisaidii. Inatumika kemikali nyingine, yenye fosforasi, na kazi yake inaonekana kwa macho: mafuta yaliyobeba kobalti yanageuka buluu iliyokolea, huku chini maji yenye nikeli yakibaki kijani.

Kwetu nako, Kabanga, wilayani Ngara, kuna nikeli, shaba na kobalti ndani ya mwamba mmoja. Serikali ilisaini makubaliano na mwekezaji mwaka 2021, na mpango uliotangazwa ulikuwa kusafishia madini hayo Kahama, kwenye eneo la uliokuwa mgodi wa Buzwagi. Mimi nasubiri kuiona ile buluu Kahama, juu ya maji ya kijani.