Bati la Walikale na Maji Meusi ya Rejeta

Je, wajua kwamba maji yaliyomo ndani ya rejeta za nyumba za Ulaya kwa kawaida hayabadilishwi? Ndugu zetu wa Kivu wanaohamia Ubelgiji huzikuta chini ya madirisha, masanduku bapa ya chuma yaliyopakwa rangi nyeupe, na wengi hudhani maji yake yanaingia na kutoka kama ya bomba la jikoni. Sivyo. Ni yale yale, lita 100 hivi kwa nyumba ya kawaida, yanazunguka kutoka kwenye boila hadi kwenye rejeta na kurudi, mwaka nenda mwaka rudi. Fundi akiifungua rejeta ya zamani, yanatoka meusi tii, na yakishamwagika kwenye zulia, doa lake halifuliki.

Weusi huo ni chuma cha rejeta yenyewe. Maji mapya huja na oksijeni iliyoyeyuka ndani yake, nayo ikigusa chuma huanza kukila. Hapo ndipo kutu inapozaliwa. Oksijeni ikiisha, ulaji hupungua sana lakini haukomi. Polepole maji na chuma hutengeneza magnetiti, unga mweusi mzito ambao ukiusogezea sumaku unarukia. Katika kazi hiyo hiyo hutoka hidrojeni, gesi inayoshika moto, ikapanda na kujikusanya juu ya rejeta. Kwa hiyo kiganja cha mkono kinatosha kupima ugonjwa. Rejeta iliyo moto chini na baridi juu ina gesi. Iliyo moto juu na baridi chini, hasa katikati, imejaa tope. Na ukuta wake kwa kawaida una unene wa milimita 1.2 hivi tu, hauna akiba kubwa ya kuliwa.

Tope hilo halikai kwenye rejeta peke yake. Huingia kwenye pampu ikazunguka kwa shida, huziba njia nyembamba za boila ambamo moto hukabidhi joto lake kwa maji, na mwenye nyumba akaendelea kulipa bili ileile huku chumba kikizidi kupoa. Dawa zipo. Mfumo husafishwa, kisha maji hutiwa kemikali kama nitriti au molibdati zinazokifunika chuma kwa utando mwembamba, na bensotriazoli kwa ajili ya shaba. Siku hizi huongezwa chujio lenye sumaku karibu na boila. Uingereza ina kanuni yake kabisa, BS 7593, inayoeleza jinsi ya kuyasafisha na kuyatibu maji ya mfumo wa namna hii.

Lakini mimi naona dawa ya kwanza haiuzwi kwenye chupa. Dawa ya kwanza ni maji ya zamani kubaki ndani.

Chukua mfano wa London, ambako maji hupitia miamba ya chokaa. Tuseme lita moja ina miligramu 300 za chokaa. Lita 100 zitakuwa na gramu 30 tu, na zikishaganda kwenye kuta za boila ndizo hizo hizo, haziongezeki. Oksijeni nayo hutumika ikaisha. Mfumo usiovuja, kwa hiyo, hujituliza wenyewe. Sasa weka kiungio kimoja kinachotoa tone kila baada ya dakika chache. Hakuna anayeliona tone hilo, kwa sababu bomba likiwa na joto linakauka kabla ya kufika sakafuni. Mshale wa kipimo cha presha unashuka, mwenye nyumba anafungua koki na kujazia, na kila anapojazia analeta oksijeni mpya na chokaa mpya. Dawa iliyotiwa mwanzoni nayo inazidi kupungua nguvu. Mtu anayejazia maji kila mwezi anailisha kutu, hata kama amenunua dawa ya bei kubwa kuliko zote.

Hapa ndipo Walikale ya Kivu inapoingia, kwa njia ya kiungio.

Mabomba ya shaba huunganishwa kwa lehemu ya bati. Fundi husugua ncha ya bomba mpaka ing'ae, huipaka dawa ya kulehemia, huiingiza kwenye kiungio, kisha hupasha moto shaba, si lehemu. Bati huyeyuka kwenye nyuzi joto 232 tu, ilhali shaba huhitaji 1,085. Likigusa shaba iliyokwisha kupata moto, bati hunyonywa lenyewe ndani ya ufa wa sehemu ya kumi ya milimita, hata kama kiungio kimeelekea juu, likazunguka pande zote na kuganda. Kanuni ya mafundi ni kwamba bomba la milimita 15 hutaka waya wa lehemu wa urefu huo huo. Waya wa unene wa milimita 3 wa urefu huo hauna hata gramu moja. Kosa la wengi ni kuiacha dawa ya kulehemia ndani ya bomba bila kuisuuza. Ina kloridi, na kloridi huitoboa shaba taratibu.

Zamani lehemu ya mabomba mara nyingi ilikuwa nusu bati, nusu risasi. Marekani ilipiga marufuku risasi kwenye mabomba ya maji ya kunywa mwaka 1986. Marufuku hiyo haikulenga maji ya rejeta, ila fundi gani atabeba aina mbili za waya na kuhatarisha kuzichanganya? Lehemu isiyo na risasi huwa na bati zaidi ya asilimia 90.

Na bati linatoka wapi? Kilima cha Bisie, katika msitu wa wilaya ya Walikale, kilianza kuchimbwa kwa mikono mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wapagazi walibeba magunia ya kilo 50 za kasiterite, mawe yenye bati, kwa miguu, zaidi ya kilomita 40 za matope na mizizi, hadi barabarani, ambako ndege ndogo zilitua juu ya lami ya Kilambo kuyapeleka Goma. Wenye bunduki walitoza ushuru njiani. Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011. Tangu 2019 kampuni ya Alphamin inachimba hapo kwa mashine, kwenye mwamba wenye asilimia 4 hivi ya bati, wakati migodi mingi duniani haifikishi hata asilimia 1. Mwaka 2024 ilitoa zaidi ya tani 17,000, kama asilimia 6 ya bati lote lililochimbwa duniani. Machi 2025, waasi wa M23 walipoikaribia na kuiteka Walikale mjini, mgodi ulifungwa na bei ya bati ikapanda kwenye soko la London. Kazi ilirudi Aprili.

Hakuna anayeweza kuonyesha kiungio cha Brussels akasema bati hili ni la Bisie, maana kwenye tanuru za kuyeyushia mawe ya nchi nyingi huchanganywa. Hesabu hata hivyo inawezekana. Gunia moja la mpagazi, likiwa na asilimia 60 ya bati, lina kilo 30. Kwa gramu moja kila kiungio, mgongo wa mtu mmoja ulishusha kutoka kilimani viungio 30,000.

Wilaya ya Masisi nayo, ambako usiku wa milimani ni wa baridi na joto la nyumbani ni la makala kwenye mbabula, ina machimbo ya Rubaya, na Rubaya ina koltani. Ndani yake mna tantali, metali ambayo karibu asidi zote haziigusi, isipokuwa ya hidrofluoriki. Viwanda vya kemikali hutengeneza kwa tantali mabomba ya kupashia asidi zinazochemka, mahali ambapo shaba ingetoweka upesi. Bei yake hairuhusu rejeta. Nyumbani huingia kwa chembe tu, kwenye vifaa vidogo vya kuhifadhia umeme katika bodi za elektroniki, zikiwemo za baadhi ya boila, na vifaa hivyo hushikizwa kwenye bodi kwa lehemu ya bati.