Forró ya Brazil
Forró, dansi ya wawili wawili iliyochipuka katika nyika kame za kaskazini-mashariki mwa Brazil, huchezwa kwa akodioni, yaani kinanda kinachovutwa na kubanwa mikononi, pamoja na pembetatu ya chuma na zabumba, ngoma ambayo upande wa juu hupigwa kwa kirungu na wa chini kwa ufito. Luiz Gonzaga, mzaliwa wa Pernambuco, aliueneza muziki wa forró nchi nzima kuanzia miaka ya 1940. Wanaodai kwamba jina lilitokana na Kiingereza wana hadithi tamu lakini dhaifu, kwani neno forrobodó, yaani karamu ya makelele, ambalo huaminika kufupishwa kuwa forró, lilikuwa jina la mchezo wa jukwaani tangu 1912. Wachezaji hukumbatiana kifua kwa kifua, wakienda hatua mbili kushoto na mbili kulia, nyayo zikiburuzwa sakafuni.